Msiogope viazi vya maziwa, ogopeni dumu linaloondoka alfajiri

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa Omurushaka na Nkwenda unayenunua viazi kwa debe, leo nina ugomvi na nyinyi. Siku hizi nakutana na watu walioacha viazi kwa sababu kikundi cha WhatsApp kimesema wanga ni sumu. Wapo na akina mama walioacha kumpondea mtoto viazi kwa maziwa, eti yale mafuta yatamnenepesha. Mtoto ana miaka miwili na mbavu zake zinahesabika!

Wafuasi wa keto hawajakosea hesabu yao. Keto humruhusu mtu wanga gramu 20 hadi 50 kwa siku nzima, na gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina karibu gramu 20. Sahani moja ya kushiba imemaliza siku, hata ukiongeza samli. Asiyekula kitu cha mnyama ataweka karanga zilizosagwa badala ya maziwa. Anayekwepa ngano hana shida kabisa. Lakini keto wengi huifuata ili wapungue. Wewe uliyeamkia kupalilia migomba, unapunguza nini?

Mwenye kisukari nasema naye peke yake. Punguza viazi kwenye sahani, ongeza maharage na mboga za majani, ila usiache dawa wala usikate wanga ghafla kwa sababu ya ujumbe wa simu. Ukimeza dawa za kushusha sukari huku huli wanga, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Nenda zahanati kwanza.

Sasa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Rangi ile mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ili uipate vizuri lazima chakula kiwe na mafuta kidogo. Ule utando wa maziwa unaoambiwa uutoe ndio unaofanya hiyo kazi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kagera tuko juu ya wastani huo. Kagera hii yenye ndizi, maharage na ng'ombe! Sababu ni nyingi, maradhi na maji machafu yamo. Lakini na hili limo: maziwa yote yanapanda baiskeli kabla watoto hawajaamka, mayai yote yanakwenda dukani, mtoto anabaki na viazi vya maji na chumvi. Hiyo ndiyo dayati mbaya ninayoiona Karagwe na Kyerwa, na haina jina la Kizungu. Nanyi wachuuzi mnaolipia maziwa kabla ng'ombe hajakamuliwa, mtindo uleule wa butura ya kahawa, mnajua mnachofanya.

Siwaambii msiuze. Nasema bakizeni vikombe viwili kila asubuhi. Chemsha viazi na maganda yake, menya, ponda vikiwa vya moto. Mimina maziwa yaliyochemshwa pamoja na utando wake, koroga mpaka vilainike. Mtoto aliyetimiza miezi sita anakula, na mzee asiye na meno pia.