Utafiti Baada ya Uzamivu: Madai Manne Yasiyosimama

Mtu wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, akimaliza uzamivu wa sayansi au uhandisi, swali la kwanza nyumbani ni: "Sasa unafundisha wapi?" Akijibu kwamba anatafuta nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, hupokelewa na madai manne. Tuyapime.

"Hiyo ni shahada nyingine, ada tena."
Si shahada. Ni kazi ya mkataba, mara nyingi ya mwaka 1 hadi 3, yenye mshahara au posho ya kujikimu. Hakuna mtihani wala joho. Kinachotakiwa ni utafiti na makala zilizochapishwa. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, na ule wa Humboldt wa Ujerumani, hautozi ada ya maombi. Anayekudai pesa ya fomu, mtilie shaka.

"Ni za Wazungu wenyewe."
Ufadhili wa Marie Curie wa kwenda kufanya utafiti Ulaya uko wazi kwa uraia wowote. Tena sharti lake moja linambeba aliyebaki nyumbani: mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Na si Ulaya tu: TWAS, akademia ya sayansi yenye makao Trieste, huwapeleka watafiti wa nchi zinazoendelea katika taasisi za nchi nyingine zinazoendelea.

"Bila kujuana hupati."
Hapa kuna nusu ya ukweli. Nafasi nyingi hutoka kwenye fedha za mradi wa profesa fulani, na Marie Curie hudai uwe na mwenyeji, yaani msimamizi wa kukupokea, kabla ya kuomba. Lakini kujuana huko si kwa ujomba. Soma makala za profesa huyo, kisha mwandikie barua fupi: umefanya nini, unataka kuchunguza nini, kwa nini kwake. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa hamsini haisomwi. Nafasi nyingi zinazotangazwa Ulaya zipo kwenye tovuti ya EURAXESS, bure.

"Huku kwetu hakuna cha kutafiti."
Dai hili ndilo bovu kuliko yote. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, inayogusa Kibondo na Kasulu, iliingia orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2000, ya kwanza Tanzania. Magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia huharibu mihogo ya wakulima. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyopo tangu 1996, inahitaji maji na nishati ya kupikia isiyomaliza misitu. Wageni huomba kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH) waje kuchunguza mambo kama haya. Wewe unayajua, na Kiha, lugha ya huko, unakisema.

Dirisha la Marie Curie kwa kawaida hufungwa Septemba, na mwenyeji hapatikani kwa wiki moja. Ewe mhitimu, mwandikie mapema.