Si Kila Chuma ni cha Mizani

Baraza la Ijumaa, na Mwana wa Vumba

Jumanne wiki hii, kwenye njia ya kutoka Kanana kushuka Shimoni, niliona trela la jeshi likikatwa kwa gesi. Vijana wawili walikuwa wamelilaza ubavu. Mmoja alikata, mwenzake akatupa vipande ndani ya pikapu yenye mizani. Kando yao alisimama mzee mmoja, fundi, na mkononi ana bahasha ya pesa alizokuja nazo kulinunua trela hilohilo. Alikuwa ameshapatana na mwenyewe bei na siku. Lakini mtu wa kilo, yaani mnunuzi wa vyuma chakavu, alipita mapema, na mwenye trela akaona pesa ya asubuhi ni bora kuliko ahadi ya adhuhuri.

Fundi hakugombana na mtu. Aliuliza tu kama wangemwachia ekseli na mkono wa kuvutia. Moto ulikuwa umeshapita katikati ya vyote viwili. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa juu ya bodaboda akapaza sauti: "Mzee, kwani takataka hiyo ingekulipa nini?" Watu wakacheka. Wakubwa wakacheka, watoto wa shule wakacheka kwa sababu wakubwa wamecheka, na mwenye trela, ambaye ndiye aliyevunja ahadi, akacheka kuliko wote.

Wiki hii nina ugomvi na kicheko hicho.

Nilimfuata mzee hadi kwake Shimoni. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mwanangu, pita uone." Chini ya banda la makuti kuna trela lake la kwanza, pacha wa lile lililouawa njiani. Ni Sankey, la Uingereza, la kubeba robo tatu ya tani, aina ambayo jeshi la Waingereza lilivuta nyuma ya Land Rover zake, na ambayo nchi nyingi zilizorithi majeshi kutoka kwao zilirithi pia. Hili lake lilikuwa limeshamaliza uaskari zamani. Lilikuwa limebeba nazi na bixa shambani miaka mingi, kisha likaachwa nje likaliwa na kutu. Na nyinyi wa pwani mnajua kutu yetu. Upepo wa chumvi hapa haungoji mvua.

Alinionyesha kazi yake kipande kwa kipande, na nilitamani yule kijana wa bodaboda angekuwapo. Springi alizilowesha kwa dizeli hadi majani yake yakaachana bila hata moja kuvunjika. Beringi za magurudumu alizitoa, akaziosha, zilizokufa akazibadilisha, nzima akazirudisha na grisi mpya. Pembe za sakafu zilikuwa zimeoza, kwa hiyo alikata mahali palipooza tu, akachomelea bati jipya, akasaga mshono hadi kidole hakiwezi kuusikia. Bolti ambayo fundi mwengine angeikata kwa grinda, yeye aliipa moto, mafuta na subira, ikafunguka yenyewe.

Kisha rangi. Hakuiparua yote kwa mara moja. Alichukua msasa wa maji na kufuta polepole, tabaka baada ya tabaka: bluu ya shambani ikatoka, chini yake rangi ya mchanga, na chini kabisa kijani kile kizito cha jeshi, pamoja na kivuli cha tarakimu nyeupe zilizoandikwa na askari fulani kwa brashi. Hapo akasimama. Sehemu hiyo ataiacha kama ilivyo. Nyingine ataipaka kijani hichohicho.

Alinieleza pia akili iliyomo katika kitu chenyewe. Magurudumu ya trela ni yaleyale ya Land Rover, ili pancha ikitokea porini gurudumu moja la akiba litosheleze vyote viwili. Gari likipunguza mwendo, trela linasukuma mbele, mkono wake unaingia ndani kidogo na kubana breki zake lenyewe. Hakuna waya wala taa ya kuwaka kwenye dashibodi. Aliyebuni hivyo alijua kwamba dereva atakuwa amechoka, usiku, kwenye tope, na akamfikiria. Sijui kitu kingine cha chuma kinachomheshimu mtumiaji wake kiasi hicho.

Sasa nirudi kwa swali la "itakulipa nini".

Tunaoishi Kwale tunakalia ardhi ya vita na tumesahau. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka upande wa Vanga, wakapigana Majoreni, na Oktoba wakafika Gazi, ambako askari wa King's African Rifles waliwarudisha nyuma. Januari 1915 damu ilimwagika Jasin, ng'ambo tu ya Vanga. Januari 1916 Arthur Wavell, aliyeongoza kikosi cha Waarabu wa pwani hii, aliuawa Mwele. Na katika vita vile vyote vya Afrika Mashariki, mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Mzigo ukawekwa juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi. Waliomalizwa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliomalizwa na risasi.

Kwa hiyo nikilitazama trela la jeshi, kitu cha robo tatu ya tani kinachokwenda kwa magurudumu yake, naona mzigo ulioteremshwa kutoka kichwani mwa babu wa mtu. Vizazi viwili tu vinatenganisha shehena ya kichwani na pete ile ya chuma ya kuvutia. Historia hiyo huwezi kumsimulia mtoto kwa ubao na chaki peke yake akaielewa. Mshikishe mkono wa trela, mwambie alinyanyue, kisha mwambie babu zake walitembea bila kitu hicho. Ataelewa.

Hapa Shimoni tumejaliwa kuliko miji mingi. Tuna mapango, tuna makumbusho ya utumwa, tuna magofu ya Kampuni ya Imperial British East Africa. Wageni wanashuka, wanapiga picha, wanapanda mashua kwenda Wasini na Kisite. Mashua hizo zenyewe kila mwaka hupandishwa pwani, zikakalafatiwa, zikapakwa mafuta ya sifa, na hakuna anayemcheka nahodha kwa kutunza chombo cha babake. Mbona anayetunza chuma achekwe? Marekani wahifadhi wa magari ya jeshi wana chama chao tangu 1976, na huko trela dogo la Jeep la Bantam, lililotengenezwa lisipitishe maji hata liweze kuelea mtoni, hutafutwa na kufufuliwa kwa mapenzi yaleyale niliyoyaona bandani. Hawa si watu wasio na kazi. Ni watu waliokataa kwamba thamani ya kila kitu ni uzito wake.

Maana ugonjwa wetu ni huo: kilo. Tumefundishwa kupima kila kitu kwa kilo, na anayekataa mizani anaonekana mwehu. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuangushwa na nchi kuzama gizani, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu. Kwa miezi ile michache kila chuma cha kale pwani hii kilikuwa salama. Mei biashara ikafunguliwa tena, na tochi za gesi zikarudi njiani.

Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Vyema, lakini leseni haimwambii kipi asikiguse. Na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inakihesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Mlango wa nakshi wa kabla ya 1946 umepewa kinga yake humo, na sisi wa pwani tunashukuru. Trela la jeshi halina kinga yoyote. Hata hivyo sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza vitu vingine vilindwe. Basi atangaze. Chombo chochote cha jeshi kilichostaafu, chenye kibati chake cha kiwandani, kisikatwe kabla makumbusho hayajakiona na kukiandika. Na kaunti, yenye vyuo vya ufundi vilivyojaa vijana wanaojifunza kuchomelea kwa kutengeneza madirisha yaleyale, iwalete wanafunzi hao kwa wazee wa namna hii wajifunze kufungua bolti bila kuivunja. Hiyo ni elimu, na mwalimu yupo, na hajaomba mshahara.

Wanaosema uraibu wa mzee huyu ni anasa ya mwenye pesa, waende waone mikono yake. Na wanaosema chuma ni mali ya mwenyewe, auze apendavyo, nawauliza swali moja: mtu ambaye hakukitengeneza, hakukibeba wala hakukitunza hata kwa tone la mafuta, nani alimpa mamlaka ya kutuuzia historia yetu kwa kilo, na kisha kutucheka sisi tunaoilipia kwa jasho?