Mashine Ikigoma, Nani Alaumiwe?



Sisi wa Gihosha tumezoea kuziona ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Bujumbura. Pengine rubani hukatiza kutua, akapaa tena na kuzunguka. Hilo si woga. Ni kazi yake. Katika baadhi ya ndege kubwa za leo mtambo humsaidia: anabonyeza kitufe, vishikio vya injini vinasogea mbele vyenyewe, nguvu inaongezeka.

Lakini kitufe hicho kina mpaka wake. Tarehe 3 Agosti 2016, Boeing 777 ya shirika la Emirates, iliyotoka India na watu 300, ilikuwa ikitua Dubai, mji ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanatafuta riziki. Upepo uligeuka, magurudumu yakagusa ardhi mbali kuliko ilivyotakiwa, sauti ya mtambo ikaonya. Rubani akaamua kupaa tena, akabonyeza kitufe. Kumbe katika ndege ile, magurudumu yakishagusa ardhi, kitufe hakifanyi kazi. Ndivyo kilivyotengenezwa. Ndege iliinuka kama mita 26, magurudumu yakaanza kukunjwa, huku injini zikiwa bado katika nguvu ya chini kabisa. Vishikio viliposukumwa kwa mkono, zilikuwa zimebaki sekunde chache tu. Ndege ikaanguka kwa tumbo, ikaungua. Wote 300 walitoka hai. Aliyekufa ni mfanyakazi wa zimamoto.

Marubani walipaswa kuhakikisha kwamba nguvu imeongezeka, nao hawakufanya hivyo. Hatufichi. Lakini wachunguzi wa Falme za Kiarabu, katika ripoti yao ya 2020, waliandika pia kwamba marubani walikuwa wameutegemea mtambo, na hawakufundishwa vya kutosha kupaa tena kutoka karibu na ardhi wakati kitufe kimezuiwa.

Hapo ndipo tunaposimama sisi. Mashine mpya ikiletwa kiwandani tunaonyeshwa namna ya kuiwasha, basi. Ni lini itakataa (maana mashine nayo hugoma, tena bila kutoa taarifa), hatuambiwi. Mkono ukikatika, kapita anauliza: "Hukutazama?"

Tunataka mkataba ujao utaje saa za mafunzo kwa kila mashine inayojiendesha, zilipwe kama saa za kazi, na tufundishwe mashine ikiwa imekataa, si ikienda vizuri tu. Wajumbe wa viwanda na mashamba ya chai walete orodha ya mashine hizo kwenye mkutano.