Shauri la Juma Hili: Mwenzi wa Ndege Aliyebaki Peke Yake

Wako wasomaji wetu ambao, mbali na kuku na mbuzi wa faida, hufuga ndege wadogo wa tunduni ili kuburudishwa na sauti zao. Aghalabu ndege hao hukaa wawili wawili. Mmoja akifa, yule anayebaki hunyamaza, hujikunyata juu ya kijiti, na pengine hula kidogo tu. Hapo mwenye nyumba hushikwa na huruma, akanunua ndege yeyote apatikanaye na kumtia tunduni jioni ile ile. Asubuhi huenda akaokota mzoga. Basi ndugu msomaji, yafaa tulitazame shauri hili kwa utaratibu.

Kwanza, jiulize yule wa kwanza alikufa kwa nini. Ikiwa ni maradhi, kumleta mgeni ni kumletea kifo. Osha tundu kwa maji ya moto na sabuni, vijiti na vikombe pia, ulianike juani mpaka likauke, na umwangalie aliyebaki kwa majuma machache.

Pili, mjue ndege wako. Wale wadogo wa asili ya Australia, wenye mdomo mwekundu na mkia wa mabaka meusi na meupe, ni ndege wa makundi, na upweke huwaumiza. Dume hujulikana kwa mashavu yake ya rangi ya chungwa, jike hana. Lakini kanari dume aweza kukaa peke yake bila dhiki, na ukimtilia dume mwenziwe watapigana. Tena, ukiweka dume na jike, usishangae kuona mayai. Asiyetaka makinda asiweke kiota.

Tatu, mwenzi asitafutwe porini kwa ulimbo wala kwa mtego. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumkamata wala kumfuga mnyama wa mwituni bila kibali, na ndege wamo. Sisi wa Taita tuna sababu zaidi ya kuiheshimu, maana misitu yetu ya Ngangao na Mbololo imehifadhi ndege wasiopatikana penginepo duniani. Zaidi ya hayo, ndege aliyezaliwa huru hujipigapiga kwenye waya, na wengi hufa kwa hofu. Tafuta aliyezaliwa tunduni, kwa mfugaji anayejulikana. Na ambaye tayari anaye ndege wa porini, aende akaulize ofisi ya Shirika la Wanyamapori kabla ya kumwongeza wa pili.

Ukimpata Mombasa, kumbuka kwamba safari ya kuja Voi ni ya kilomita 150 hivi, na jua la nyika ni kali. Safiri alfajiri, ufunike tundu kwa kitambaa chembamba kipitishacho hewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa ndege sivyo. Ugeni wake ni siku 30. Mweke katika chumba kingine, mbali na mwenyeji. Kila siku mhudumie mwenyeji kwanza, kisha mgeni, halafu unawe mikono. Ukimwona mgeni anahara, anapumua kwa shida, au ana utitiri katika manyoya, mkutano uahirishwe mpaka apone.

Wakazi wa Voi wanao mfano wa jambo hili karibu nao. Ndovu yatima waletwao Tsavo Mashariki kutoka Nairobi hawaachwi porini siku ile ile. Hukaa na walezi wao, hupokewa na yatima waliotangulia, na kuzoeana na ndovu wa mwituni huchukua miaka.

Siku 30 zikiisha, weka matundu mawili ubavu kwa ubavu kwa juma moja au mawili, wasikilizane na kuonana. Kisha wakutanishe katika tundu la tatu ambalo si la yeyote kati yao. Ukikosa la tatu, osha lile la zamani na kubadili mahali pa vijiti, ili mwenyeji asijione mwenye mali. Liwe na urefu wa sentimita 75 au zaidi. Tia vikombe viwili vya mtama au uwele, na viwili vya maji, mbalimbali. Fanya hivyo asubuhi ya siku usiyokwenda kazini, ukae uangalie.

Kufukuzana kidogo si vita. Lakini mmoja akimnyofoa mwenzake manyoya, au akimzuia asile, watenge upesi, ujaribu tena baada ya juma moja. Wakikaa bega kwa bega na kuchambuana manyoya ya shingo, kazi imekwisha.

Iko pia njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kila ukinunua mwenzi, iko siku mmoja atabaki tena. Ikiwa huna nia ya kuendelea kufuga, au kazi yakutoa nyumbani mara kwa mara, mpe ndege wako mfugaji mwenye kundi la aina yake, nawe umweleze utaratibu huu wa siku 30. Nyumba yako itakuwa kimya, lakini ndege atakuwa na wenzake.