Lazima ya dakika si lazima ya miaka

MIZANI
Na Kyalo Munyoki

Mtu akiuawa Ngomeni, Tseikuru au Mutha, katika Kaunti ya Kitui, kwenye ugomvi wa mashamba na malisho, kabla matanga hayajaanuliwa hoja huwa imekwisha simama. Wafugaji wa ngamia wafukuzwe wote, aliyeshika bunduki na asiyeshika. Maboma yao yachomwe. Ngamia wakamatwe, wenyewe watajulikana baadaye. Anayetaja haki huambiwa kwamba vita havina adabu, na kwamba amani ikirudi hakuna atakayeuliza ilirudi kwa njia gani.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hutolewa na watu waliozika, na aliyezika anastahili kujibiwa kwa heshima. Jibu langu nitalitoa katika historia yetu, maana sisi watu wa Kitui na Makueni tumekaa pande zake zote mbili. Tumebeba bunduki kwa niaba ya waamuzi, na tumekuwa watu wa kuamuliwa.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Wakamba waliojiunga na jeshi la KAR (King's African Rifles) walikuwa wengi kupita uwiano wao katika idadi ya Wakenya. Mapema Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo, katika msafara wa meli tano za kubeba wanajeshi. Ilichukua watu zaidi ya 1,500, karibu elfu moja wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wa kike. Tarehe 12, wakikaribia visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na wengi wakazama nayo wakiwa ndani.

Wachache waliotoka walibaki wakielea. Nyambizi nayo ikajificha chini yao. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ndizo zilizokuwa karibu. Zikiiacha I-27, ingeweza kuzifuata meli nyingine zilizojaa askari. Zikiipiga, mabomu ya chini ya maji yangelipuka katikati ya watu wao wenyewe wanaosubiri kuokolewa. Mabomu yaliangushwa. Hatimaye nyambizi iliibuka, na baada ya mapambano marefu Petard ikaizamisha kwa topido. Waliokufa kutoka Khedive Ismail ni karibu 1,300. Walionusurika hawakufika 220.

Je, kamanda wa Petard alitenda haki? Mimi siwezi kumtia hatiani. Adui alikuwa palepale, hatari haikuwa ya kukisiwa, na muda wa kutafuta njia nyingine haukuwapo. Kusitasita nako kungeua. Lakini pia siwezi kusema njia yake ilihalalishwa na ushindi wake, kwa sababu mwenye kupima faida na hasara siku ile alikuwa juu ya sitaha, na mwenye kulipa alikuwa majini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ninachomkubalia kamanda yule ni udhuru, na udhuru ni mdogo kuliko haki. Humwondolea mtu lawama, haumpi sifa, na haumpi ruhusa ya kurudia.

Udhuru huo, tena, una muda wake. Lazima ya dakika chache haiwezi kunyooshwa ikafunika miezi na miaka. Hapo ndipo wakubwa wa vita wanapotudanganya tangu zamani: hutenda mambo waliyoyapanga kwa utulivu ofisini, kisha wakiulizwa huyatetea kana kwamba walikuwa katika zile dakika za baharini.

Tazama wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza walipomfukuza Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani ndani ya Tanganyika, walikuta nchi isiyo na barabara, na yenye mbung'o wanaoua ng'ombe na farasi. Mizigo ikapandishwa vichwani mwa watu. Mwaka 1917 afisa wa kikoloni John Ainsworth, aliyekuwa ameijua Ukambani tangu alipokuwa Machakos miaka ya 1890, alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu kwa wingi, na machifu wakatakiwa kutoa vijana kutoka kila pembe. Afrika Mashariki nzima, waliochukuliwa na Waingereza katika vita hivyo wanakisiwa kufika milioni moja. Waliokufa wanakaribia laki moja, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa na njaa.

Hapo lengo lilikuwa lile lile la kushinda adui. Lakini lazima ilikuwa wapi? Madaktari waliona mapema kwamba posho isiyosagwa vizuri wala kuiva ilikuwa ikiwaharibu watu matumbo. Kulikuwa na muda wa kubadili chakula, kutafuta blanketi, kupunguza mizigo. Kulikuwa na muda hata wa kuandika majina ya wafu, na kwa sehemu kubwa hayakuhifadhiwa. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Karne nzima ilipita kabla ya kukiri huko. Nairobi tumebaki na Kariakor, soko na mtaa wenye jina la wapagazi hao (Carrier Corps), na wengi wanaonunua viondo pale hawajui waliolipa jina hilo.

Na tusidhani hiyo ni tabia ya mkoloni peke yake. Serikali yetu wenyewe ilipopigana Vita vya Shifta kaskazini mwa nchi kuanzia mwisho wa 1963 hadi 1967, lengo lake lilikuwa halali: kuilinda mipaka ya nchi changa. Njia ikawa kuwafungia wafugaji katika vijiji vya ulinzi na kuua au kutwaa mifugo yao, mwenye hatia na asiye na hatia. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kuwabana watu wa kaskazini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huko wakati wa vita hivyo, na Tana River ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa. Mtu anayeamini kwamba lengo lake lilimsafisha angehitaji kinga ya nini?

Wanaoleta ngamia Kitui kutoka Garissa na Tana River ni watoto na wajukuu wa waliopitia hayo. Operesheni ya kuadhibu jamii nzima imekwisha jaribiwa kwao. Haikuzaa raia wanaoiamini serikali, na bunduki bado ziko porini.

Najua jibu litakalokuja: mwandishi halali Ngomeni, wala hajasikia risasi usiku. Ni kweli, na mkulima aliyevamiwa, au polisi wa akiba anayefyatuliwa risasi, simwambii akae asome katiba kwanza. Yeye yumo katika zile dakika. Lakini operesheni inayopangwa mezani wiki tatu baada ya mauaji haimo. Anayeipanga ana muda wa kujua ngamia ni wa nani, nani aliyewakodisha wachungaji, na nani wa huku kwetu aliyepokea pesa za malisho akanyamaza. Ana muda wa kumkamata mshukiwa kwa jina lake na kumfikisha mahakamani. Akichagua kuchoma boma la mama mwenye watoto kwa sababu ndiye aliyepatikana, amefanya uvivu, na uvivu hauitwi lazima.

Kwa hiyo viongozi wa Kitui, na wa Kibwezi upande wa Makueni ambako mifugo pia huingia mashambani, wasitupe ahadi ya kusafisha eneo. Kabla ya operesheni yoyote, kamati ya usalama itaje hadharani inamtafuta nani, itakoma lini, na afisa gani atajibu kikitokea kibaya. Ikiisha, itoe hesabu ya waliokufa na waliokamatwa, wa pande zote, kwa majina. Serikali isiyoweza kutimiza hayo ikiwa na muda wa kutosha haina haki ya kutuambia kwamba haikuwa na njia nyingine.