Mwezi wa Pili Uliokuwa Jiwe

Mwaka 2024 habari ilienea pote ya kwamba dunia yetu imepata mwezi wa pili. Nasi hapa Goma tuliisikia redioni na kuisoma katika simu. Lakini mtoto aliyetoka nje usiku kuutafuta juu ya Ziwa Kivu aliuona mwezi ule ule wa siku zote.

Je, habari ile ilikuwa uongo? Si uongo mtupu. Tarehe 7 Agosti 2024, kwa darubini iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, lilivumbuliwa jiwe dogo la angani, upana wake kiasi cha meta 10, likaitwa 2024 PT5. Lalizunguka jua katika njia iliyo karibu na njia ya dunia. Toka 29 Septemba hata 25 Novemba lilishikwa kidogo na mvuto wa dunia, kisha likaenda zake bila kumaliza hata mzunguko mmoja. Mwezi wetu uko mbali kilomita 384,000. Jiwe lile lilikuwa mbali zaidi ya kilomita milioni 3, wala halikuonekana ila kwa darubini kubwa.

Wataalamu waliliita kijimwezi cha muda, wakaeleza mipaka ya neno hilo. Njiani kuja kwetu mipaka ilianguka, likabaki neno “mwezi”. Na ajabu ya kweli ikasahauliwa: mwanga wake ulipopimwa, lilionekana kufanana na mawe ya mwezini, yamkini ni kipande kilichorushwa kutoka huko zamani.

Mtauliza, hasara iko wapi? Sisi tukaao chini ya Nyiragongo twaijua. Mlima ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 watu wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuhama. Siku ile kila jamaa ilipaswa kuamua upesi neno la nani liaminiwe. Aliyechoshwa na habari zilizotiwa chumvi huenda akalidharau hata onyo la kweli. Naye aaminiye yote atakimbia kila uvumi.

Basi, wazazi, mtoto akileta habari ya ajabu, msimcheke. Mwulizeni: Nani aliona? Alipimaje? Je, yeye mwenyewe alisema hivyo, au ni maneno ya waliompokea? Nanyi wanafunzi, waulizeni wazazi wenu vivyo hivyo, kwa adabu.