Kabla ya Kuchimba Msingi

Wengi wetu huona ramani ya nyumba kuwa ni siri baina ya familia na fundi. Tunanunua kiwanja, tunachorewa vyumba, mchanga unamwagwa, ndipo tunapokumbuka kibali cha ujenzi, tena kwa manung'uniko. Ni vyema basi tufahamu mchoro wetu hukaguliwaje ukifika halmashauri.

Afisa mipangomiji haanzi na uzuri wa nyumba. Hutazama kwanza mchoro wa mipangomiji uliopitishwa kwa eneo lile: je, kiwanja kimetengwa kwa makazi, biashara, shule, au kimeachwa wazi kwa manufaa ya wote? Tukikusudia kujenga madrasa kwenye kiwanja cha makazi, tutatakiwa kuomba kwanza kubadilisha matumizi yake. Kisha hulinganisha mipaka na vipimo vya mpima ardhi, akaangalia ukuta uko umbali gani kutoka barabarani na kwa jirani, maji ya mvua yataelekea wapi, magari yataegeshwa wapi, na kama gari la zimamoto litapita. Mhandisi hupitia uimara wa jengo. Afisa afya hupitia vyoo, madirisha na shimo la maji machafu.

Maswali hayo yanamlinda asiyekuwapo tulipochora, naye ni jirani. Dini yetu imeikuza mno haki yake. Shimo letu lisichafue kisima chake, wala paa letu lisimwagie maji ukutani kwake.

Yanatulinda na sisi pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Desemba 2015, nyumba zilizokuwa katika bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, zilibomolewa, na familia zikabaki nje na vyombo vyao.

Hatusemi kwamba ofisi hazina lawama. Uchelewaji huwasukuma watu kujenga kwa kujificha. Afisa naye ana amana: akiukataa mchoro, amweleze mwombaji kwa maandishi nini kirekebishwe.

Nasi tuanzie ofisini kabla ya kumlipa fundi, na ikiwezekana kabla ya kununua kiwanja chenyewe. Mstari uliokosewa kwenye karatasi hufutwa kwa dakika moja. Ukuta uliokosewa huondoka na akiba ya miaka.